Vitunguu Vilivyofika Ibra

Nizwa, Ijumaa, 10 Januari 2025

Kwako Shangazi Tamima,

Assalamu alaykum, na shikamoo nyingi kutoka kwa mwanao. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na sukari imeshuka. Mimi sijambo, alhamdulillah, ila baridi ya Nizwa inauma na maji ya bomba asubuhi hayagusiki.

Musabbah amenifikishia halua na barua yako. Vyote viwili vilikuwa vinanuka mbuzi, maana gari lake lilijaa mbuzi wa Sinaw anaowaleta soko la Ijumaa hapa. Nimeona umeziba bahasha kwa utepe wa gundi na kutia saini juu yake. Haikufunguliwa, tulia.

Nina ombi. Nieleze unavyokata vitunguu maji vya biriani, unavyovianika kabla ya kuvikaanga, na vinakaa juani muda gani. Niandikie kila kitu, hata yale unayodhani nayajua. Kuna jambo dogo la jikoni nalijaribu.

Baba alinipigia kutoka Sur, hajambo. Amesema ahadi yake ya kuniacha nijaribu kazi hii ya upishi miezi mitatu iko palepale.

Mwanao,
Khawla


Ibra, Jumatano, 15 Januari 2025

Kwako mwanangu Khawla,

Wa alaykum salaam. Marahaba. Goti linauma, sukari ni ileile, na wewe usinibembeleze kwa kuniuliza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikajiuliza. Mara ya tatu nikavua miwani. Mtoto niliyemlea tangu ana miaka sita, mama yake alipofariki, ambaye kila nikimwita amenye vitunguu macho yalikuwa yanamwasha, leo ananiuliza habari za vitunguu kutoka Nizwa? Ati "jambo dogo". Jambo dogo haliandikiwi barua. Ni nani huyo anayependa biriani? Watu wa wapi? Mama yake namjua?

Leo nimekwenda soko la wanawake nikamchokonoa Rumaitha, ambaye mwanawe yuko kazini huko kwenu. Kasema kwenye hiyo nyumba ya wageni ya Bwana Hood unayopikia amekuja Mjapani. Ewe Khawla! Nimetoka sokoni bila ya kununua nilichokifuata.

Usinijibu kwa simu. Simu sina imani nayo tangu siku ile niliposema langu la moyoni kuhusu wakwe za binamu yako Azza, likaenda kwenye kundi la familia, watu arubaini na mbili wakanisikia kutoka Maskati mpaka Mombasa.

Vitunguu, basi. Kata vyembamba, vyote sawasawa. Nyunyiza chumvi kidogo, kamua, tandaza kwenye sinia, funika kitambaa cha melimeli, panda navyo juu ya paa saa tatu asubuhi na usiviteremshe mpaka alasiri. Mafuta mengi, moto wa wastani. Vitoe kabla havijafika rangi unayoitaka, kwa sababu vinaendelea kuiva vikiwa nje ya mafuta. Watu wengi wanaharibikiwa hapo.

Nimekwambia, lakini sijaridhika.

Shangazi yako


Nizwa, Ijumaa, 17 Januari 2025

Kwako Shangazi,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Pole na goti, pole na Rumaitha.

Hakuna mwanamume! Huyo Mjapani ni mama wa miaka sitini na moja, jina lake Bi Natsue, mfupi kuliko wewe, na akishakula cha usiku, kabla ya mate kukauka ameshalala. Bwana Hood amemwita atufundishe mpaka Ramadhani.

Sasa nakwambia yote. Bwana Hood anataka chakula kimoja cha namna yao, kisicho na nyama wala samaki, kipikwe kwa mazao ya mashamba ya hapa, kiwe ndicho watu wanachokifuata kutoka mbali. Bi Natsue alituambia tuchague kitu kinyonge ambacho hakuna anayekitazama. Alaa, mwenzangu jikoni, alichagua biringani. Mimi nikachagua kitunguu. Bi Natsue alicheka. Kwao, anasema, watawa wa mahekalu hawali kitunguu kabisa, kinawaamshia matamanio. Nikamwambia kwetu ukila kibichi usiende msikitini, kwa harufu tu. Tukaelewana.

Alhamisi, tarehe 27 Februari, Bwana Hood atakaa mezani na familia yake, na Baba amealikwa. Kikipendwa changu, jiko ni langu, mkataba wa miaka miwili. Kisipopendwa, jiko la Alaa, na mimi nitarudi Ibra kugonga mihuri katika ofisi ya Hisham, kazi yangu ya zamani. Lakini Baba ameniambia wazi: "Shangazi yako ndiye aliyekulea. Akiridhika yeye, nimeridhika." Kwa hiyo hata mezani sitafika bila ya neno lako. Usiniangushe, Shangazi wangu.

Mwanao,
Khawla


Ibra, Jumatano, 22 Januari 2025

Kwako mwanangu Khawla,

Wa alaykum salaam. Marahaba. Mie mzima, isipokuwa usingizi.

Kwa hiyo hata watawa wao wanakikimbia, na wewe unataka kukivika kilemba. Haya. Hilo si langu. Langu ni jingine, nami naliuliza uso kwa uso, hata kama uso wenyewe ni karatasi.

Mwana wa Rumaitha amemwambia mama yake kwamba Wajapani hawapiki bila pombe. Wanatia kwenye mchuzi, kwenye mboga, hata kwenye figili. Pombe tamutamu ya mchele, haionekani wala hainuki, unakula huku unasema tamu. Nauliza: katika hicho chakula chako imo au haimo? Usinijibu kwa hadithi ya mashamba.

Na mwani! Rumaitha anasema wanachemsha mwani. Ule uliokuwa ukitunasa miguuni pwani ya Jambiani kule Unguja, hata mbuzi hawautaki, ndio leo wa kupewa Bwana Hood na mama yake?

Sikushuku wewe. Nashuku kila kilicho karibu nawe. Baba yako kanipa dhamana, na dhamana nzito. Pafukapo moshi pana moto.

Shangazi yako


Nizwa, Ijumaa, 31 Januari 2025

Kwako Shangazi,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Nimechelewa wiki moja kwa sababu nilitaka kukujibu kwa vitendo.

Pombe haimo. Mchuzi mtamu wa mchele tunaoutumia ni ule uliotengenezwa bila ya kilevi, unakuja kwenye debe kutoka Malaysia na muhuri wa halali uko ubavuni. Niliusoma mwenyewe kabla ya kuumimina kwenye chupa ya jikoni. Bi Natsue mwenyewe anasema si sawa na ule wa kwao, anakunja uso, lakini anautumia kwa heshima yetu.

Mwani umo, na ukiuonja utaomba radhi kwa mbuzi.

Sikiliza ninavyofanya. Kitunguu kizima na maganda yake nakifukia kwenye majivu ya moto muda wa saa tatu. Kinatoka cheusi. Namenya maganda ya nje, natoa moyo wake, naukatakata, naupika kwa ule mchuzi mtamu mpaka ulainike, nauchanganya na ufuta na jibini ya soya, naurudisha ndani. Mchuzi ni maji ya mwani mkavu na yale maganda niliyoyachoma, mwangavu mpaka unaona chini ya bakuli. Juu kabisa natia nyuzi za vitunguu vyako vya kuanikwa, kidole kimoja tu cha nyuzi. Mara ya kwanza nilitia mdalasini na pilipili manga na bizari, maana mkono wangu umezoea. Bi Natsue akala, akaweka kijiko, akaniuliza, "Kitunguu kiko wapi?" Niliona haya. Siku hizi kila nikitaka kuongeza kitu najiuliza swali lake. Shangazi, sijawahi kupenda kazi namna hii.

Bakuli zima haliwezi safari ya Musabbah na mbuzi wake. Nakuletea chupa ya achari iliyojaa, sehemu moja ya chakula hicho. Sikwambii ni sehemu gani. Ifungue mwenyewe, ule, kisha umwandikie Baba.

Mwanao,
Khawla


Ibra, Jumatano, 5 Februari 2025

Kwako mwanangu Khawla,

Wa alaykum salaam. Marahaba, mama. Goti afadhali leo.

Chupa ilifika salama. Nimekula, mashallah, nimekula na wali mweupe mpaka nikalamba vidole. Vitunguu vimekauka vizuri, vinavunjika mdomoni, rangi kama dhahabu. Mkono wangu nimeuona humo. Nilikuwa na wasiwasi wa bure, uzee huu. Mungu akubariki.

Baba yako nimemwandikia leo hii hii.

Jifunike vizuri na baridi.

Shangazi yako


Nizwa, Ijumaa, 14 Februari 2025

Kwako Shangazi,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Natumai hujambo, na ninaomba ukae chini kabla ya kuendelea.

Barua yako ilinifurahisha wiki nzima. Niliisoma nikiwa nakoroga, nikaibandika ndani ya kabati langu. Sasa nimeibandua.

Juzi Jumatano Bi Natsue aliniuliza kama nimeona chupa yake. Chupa gani? Akasema amekuja na chupa moja ya ule mchuzi mtamu wa kwao, wenye kilevi, kwa matumizi yake mwenyewe, anaiweka chumbani. Siku moja mwishoni mwa Januari, mimi nikiwa sokoni, aliishusha jikoni alinganishe ladha ya ule na huu wetu, akaisahau kwenye rafu.

Shangazi, niliporudi sokoni siku ile nilipanga rafu. Nilikuta chupa mbili zisizo na karatasi, rangi moja, kila moja nusu. Unajua nilifanya nini. Nilifanya kama nyumbani. Kwako hakuna mafuta nusu chupa mbili, wala siki, wala maji ya waridi. Nusu mbili ni uchafu, mimina pamoja, osha iliyobaki. Nikamimina pamoja. Nikaosha iliyobaki. Hata sikunusa. Na kesho yake ndipo nikapika vile nilivyokuletea.

 Nimemwaga kila kitu, nimesugua vyombo, naanza upya na debe jipya. Mimi na Alaa tulionja bila ya kujua, na Mungu ni Mwenye kusamehe. Alaa aliniambia, "Mzee wa watu hajui, umeshapata neno lake, kwa nini umtie simanzi?" Ni kweli, hakuna ambaye angejua. Lakini wewe uliniuliza imo au haimo, nikakwambia haimo, ukaniamini, ukala. Siwezi kukuacha uswali na mimi najua na wewe hujui.

Sikukusudia. Wallahi sikukusudia. Ukiona neno lako kwa Baba ulirudishe, lirudishe. Nitakuja Ibra kimya.

Mwanao,
Khawla


Nizwa, Ijumaa, 21 Februari 2025

Kwako Shangazi,

Assalamu alaykum. Shikamoo. U mzima? Niambie hilo tu, mengine baadaye.

Musabbah anaapa alikukabidhi barua yangu mkononi Jumamosi. Leo amekuja mikono mitupu. Anasema mlango wako umefungwa kwa kufuli, na Rumaitha anasema hajakuona tangu Jumapili. Simu yako inaita mpaka inakata. Simu ya Baba anapokea, anasema "yuko salama, subiri", basi.

Na kuna jambo silielewi, nimelihesabu kwa vidole. Bwana Hood ameniambia juzi kwamba Baba alimpigia Jumamosi tarehe nane kumwambia nitarudi nyumbani kabla ya Ramadhani, kwa sababu kuna kitu cha haramu kwenye chakula changu. Tarehe nane, Shangazi! Mimi nimekuandikia tarehe kumi na nne, na mwenyewe nilijua tarehe kumi na mbili. Baba alijua siku nne kabla yangu. Nani alimwambia?

Nimemshuku Alaa. Jiko litakuwa lake nikiondoka, na siku ile alikuwepo. Tangu juzi hatusemeshani, tunapeana visu kwa ncha. Nimemshuku hata Musabbah masikini, kwamba alifungua chupa njiani akanusa.

Kisha jana nimeisoma tena barua yako ya sifa. Umesema vitunguu vilikauka, vinavunjika mdomoni. Shangazi, kwenye chupa ile hakukuwa na vitunguu vya kukaanga. Ilikuwa mioyo ya vitunguu iliyopikwa mpaka ikalainika, unaweza kuila bila meno. Ulikula nini?

Mwanao,
Khawla


Sur, Jumamosi, 22 Februari 2025

Kwako mwanangu Khawla,

Assalamu alaykum. Niko kwa baba yako tangu Jumatatu. Goti limevimba kwa safari, nami nastahili. Barua yako ya jana Rumaitha amenisomea kwenye simu. Nimemwachia afungue bahasha yangu, ujue mambo yamefika wapi.

Mwombe radhi Alaa. Mwombe radhi na Musabbah. Ni mimi.

Chupa yako sikuifungua. Ilipofika niliiweka mezani nikaitazama mpaka adhuhuri, kisha nikachimba shimo chini ya mlimau nikaizika na kifuniko chake. Jumatano nikakaa nikaandika barua mbili. Yako unayo. Ya pili ilikwenda Sur na basi, na humo nilimwambia baba yako Khalaf kwamba mtoto amepotea, kwamba vitunguu alivyoniletea vinanuka pombe, amrudishe kabla ya Ramadhani. Kunusa sikunusa. Nilizua. Nilimzulia mtoto niliyemlea.

Nilijiambia ni dini. Nilijiambia ni dhamana. Lakini Khawla, pombe sikuiogopa hata siku moja, maana nakujua. Niliogopa chakula chako kitakuwa kizuri. Kikiwa kizuri utakaa Nizwa miaka miwili, kisha miwili mingine, kisha utaolewa huko, na mie nitazungumza na friji. Tangu uondoke napika kikombe kimoja cha mchele na nusu yake nawapa paka wa Rumaitha. Kukwambia hivyo niliona haya. Kukuzulia sikuona haya. Hebu tazama moyo wa mtu.

Kisha ikaja barua yako. Uongo wangu ulikuwa umegeuka kweli, kwa mwandiko wako na saini yako. Ningempelekea Khalaf karatasi ile tu, nimeshinda, nimetoka msafi. Nilikaa nayo siku mbili. Kila nikitandika mswala nayaona maneno yako, kwamba huwezi kuniacha niswali na wewe unajua na mimi sijui. Mie nilikuacha wiki nzima ukifurahi, nami najua na wewe hujui.

Nikapanda basi. Nilimsomea baba yako barua yako, kisha nikamwambia yangu. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alinimiminia chai. Mwisho akasema, "Dada, huyu amekiri kosa ambalo hakuna aliyeliona. Nitamnyima vipi jiko?" Leo amempigia Hood mbele yangu. Hood kasema meza iko palepale, chakula ndicho kitakachoamua.

Baba yako anakuja Alhamisi. Nauliza kama nami nije. Ukisema nisije, sitakuja na sitamuuliza mtu kwa nini. Barua hii nampa dereva wa basi, na sikuiziba.

Shangazi yako


Nizwa, Jumatatu, 24 Februari 2025, kwa simu

Shangazi, shikamoo. Goti vipi? Lifunge kitambaa cha moto, usilisugue.

Nakuandikia kwa simu kwa sababu Musabbah hapiti mpaka Ijumaa, na sitaki kukaa na maneno haya mpaka hapo. Barua yako ilifika mchana. Nililia, kisha nikakasirika, na hasira bado ninayo. Si kwa ile chupa, izikwe tu. Ni kwa kumwambia Baba kwamba nimepotea. Nimelala wiki mbili nikidhani nimekulisha haramu. Nilikuwa nakuombea wewe msamaha, na wewe uko Sur unajua hukula.

Ungeniambia unaogopa kubaki peke yako, ningekuwa na la kukujibu. Hukunipa nafasi. Hilo tutalizungumza, si kwa barua.

Alaa nimemwomba radhi. Amenipa kisu kwa mpini.

Njoo Alhamisi na Baba. Bakuli lako nitalileta mwenyewe. Nitasimama mbele yako mpaka umeze tonge la mwisho, na sitaondoka kwa "mashallah" wala kwa kulamba vidole, kwa sababu sasa asiyekuamini ni mimi.

Mwanao,
Khawla